Kazini mnaongea kila siku lakini hamuelewani? Tafuta tatizo lilipo

Mabati 180 yalitoka Dar yakafika Chalinze, fundi akabeba moja akalipandisha kwenye kenchi, akaligonga kwa kucha, akashuka nalo. Ilikuwa geji 30. Mteja alilipia geji 28. Kwa asiyejua mambo ya bati, namba ya geji ikipanda bati ndo linakuwa jembamba, kwahiyo yule mzee alikuwa ameletewa bati laini kuliko alilonunua, na fuso limeshashusha, mafundi wanne wamesimama, wingu limeshaanza kujikusanya. Ikabidi mzigo upakiwe upya urudi. Dizeli ya kwenda na kurudi mara mbili, posho ya dereva na utingo, na siku nzima ya mafundi ambayo mteja alitaka tuilipe sisi, na alikuwa na haki yake.

Tulipokaa kuulizana nani kakosea, hakuna aliyekosea. Dada wa mauzo alipiga simu stoo akasema "mpakilie kama zile za juzi", mimi niko stoo nikajibu "sawa". Juzi yake yeye ilikuwa oda ya jioni, juzi yangu mimi ilikuwa oda ya asubuhi ambayo nilisimamia mwenyewe kuipakia. Simu ile haikumaliza hata dakika.

Nimekaa stoo na baadae kusimamia watu, jumla miaka tisa, na hayo mabati ndo yalinifanya nianze kuchunguza mambo haya kwa makini. Ninachoandika hapa ni namna ninavyotafuta tatizo la mawasiliano kazini, dalili moja moja, nini huwa kimesababisha na nini cha kujaribu. Ni kwa msimamizi, meneja, au hata mfanyakazi wa kawaida ambae amechoka kulaumiwa kwa vitu ambavyo hakuambiwa vizuri.

Kabla hujaitisha kikao

Watu wengi wakiona kazini hakuna maelewano wanaitisha kikao, bosi anaongea saa nzima kuhusu "tuboreshe mawasiliano", watu wanaitikia, wanakunywa soda, wanarudi walikotoka. Usianze hivyo. Chukua kosa MOJA la karibuni, lililoumiza, alafu ulifuate kama fundi bomba anavyofuata maji yanapovujia. Neno lilitoka kwa nani? Lilisemwaje, kwa maneno yapi hasa? Lilipita kwa nani na nani? Kila lilipopita, yule aliyepokea alifanya nini kuonyesha kwamba kapokea? Andika kwenye karatasi. Mara nyingi utakuta sehemu moja ambapo mtu alituma akadhani imefika, na mwingine akapokea kitu kingine akadhani ndo hicho. Waulize watu mmoja mmoja, sio wote pamoja, maana wakiwa pamoja kila mtu anaanza kujitetea na mwenye cheo ndo maelezo yake yanashinda.

Ukishajua neno lilipotelea wapi, angalia inafanana na dalili ipi hapa chini.

Dalili: Kila mtu anasema "sawa", kazi inatoka tofauti

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo iliyonikamata mimi. "Sawa" ya kazini ina maana kama tano. Nimesikia. Nimeelewa. Nakubaliana na wewe. Nitafanya. Na ile ya tano, naomba umalize niondoke. Anaetoa maelekezo siku zote anachukua ile ya pili na ya nne, wakati aliyeitikia pengine alikuwa kwenye ya kwanza tu au ya tano.

Ukitaka kuona "sawa" inavyoweza kuua, angalia ajali ya Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye barabara ya kurukia uwanja wa Los Rodeos, ukungu mzito, wakafa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege kugongana iliyoua watu wengi kama hiyo. Rubani msaidizi wa KLM aliwaambia mnara wa kuongozea ndege maneno ambayo yangeweza kumaanisha tupo tayari kuruka au tunaruka sasa hivi. Mnara ukajibu "OK", alafu ukaendelea kusema msubiri kwanza, lakini hapohapo Pan Am nao wakaongea redioni, sauti zikagongana, KLM wakabaki na ile OK na mlio. Ndani ya ndege injinia akauliza kama yule wa Pan Am kweli ameshatoka njiani, kapteni, ambae alikuwa mmoja wa marubani wakubwa wa kampuni na mkufunzi wa wenzake, akamjibu kwamba ndio ameshatoka. Injinia hakurudia swali. Baada ya pale kanuni za redio zilikazwa, neno lenyewe la kuruka likaachwa litumike pale tu ruhusa inapotolewa au inapofutwa, na kuitikia kwa neno moja kukakataliwa, rubani anatakiwa arudie maelekezo aliyopewa.

Sasa sisi tunauza bati, haturushi ndege, lakini dawa ni ileile. Anaepokea arudie kwa maneno yake. "Kwahiyo napakia geji 28, mita tatu, 180, rangi ya kijani, za yule mzee wa Chalinze." Ndo basi. Sekunde kumi.

Kuna namna ya kuomba hilo bila kumfanya mtu ajione mtoto wa shule. Usimuulize "umeelewa?" maana hakuna mtu mzima atakaejibu hajaelewa mbele ya wenzake. Muulize "utaanza na nini?" au sema "hebu nirudishie nione kama nimekueleza vizuri", hapo mzigo wa kueleweka umeubeba wewe. Na kama unamwambia mtu aliyekuzidi umri hii inasaidia sana, mzee wa miaka hamsini na tano hutamwambia arudie kama karani, unamwambia "mzee wangu, naomba nihakikishe sijasahau kitu, tumesema nini na nini?" Ataitaja oda yote mwenyewe.

Na maneno haya yapige marufuku kwenye oda: "kama kawaida", "zile za juzi", "yule jamaa", "kiasi kile", "baadae kidogo". Kwenye stori ruksa, kwenye oda hapana.

Dalili: Watu wanafika saa tofauti, vipimo vinatofautiana

Hapa mara nyingi hakuna mzembe, kila mtu anatumia kipimo chake. Tuanze na saa, maana sisi wenyewe tuna saa mbili kichwani. Ofisi inatuma ujumbe "kikao 3:00". Nusu ya watu wanakuja saa tatu asubuhi, nusu wanakuja saa tisa alasiri kwa sababu simu zao zimesoma hivyo. Nimewahi kuona mteja amesubiri gari tangu saa mbili asubuhi, dereva anafika saa nane mchana anashangaa anafokewa, karatasi yake imeandikwa "2:00" na yule aliyeandika alikopi kutoka kwenye kompyuta. Wote wawili wapo sahihi kabisa.

Andika zote mbili, siku zote: saa 2 asubuhi, 08:00. Usione uvivu.

Usiku ndo pabaya zaidi. Ukimwambia mlinzi "gari linaingia Jumapili saa saba usiku", yeye anaweza kuelewa usiku wa Jumapili tukienda Jumatatu, wewe ulimaanisha Jumamosi ikishavuka usiku wa manane. Magazeti yetu yana msemo mzuri sana wa hili na kazini tumeuacha: "usiku wa kuamkia Jumapili". Utumie, na ongeza tarehe.

Vipimo hivyohivyo. Futi na mita, kilo na mfuko, katoni na pisi, "elfu moja" ni shilingi au ni idadi. Mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo cha anga, Mars Climate Orbiter, kilichokuwa kimefika mpaka kwenye sayari yenyewe, kwa sababu kampuni iliyotengeneza ilikuwa inatoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni na NASA, shirika lao la anga, wakazisoma kama ni njutani, kipimo kingine kabisa cha msukumo. Watu wenye vichwa kuliko sisi, na namba zote zilikuwa sahihi, kilichokosekana ni kipimo kuandikwa pembeni ya namba. Kwahiyo mtu akikuandikia "180" muulize 180 nini, hata kama anakuona msumbufu.

Dalili: Habari za kampuni unazipata kwa mama ntilie

Ukiona watu wanajua kutoka kwa mlinzi au mama ntilie kwamba ofisi inahama kabla meneja hajasema kitu, usiende kutafuta mmbea. Chanzo ni ukimya wa juu. Watu wana watoto na kodi za nyumba, wakiona mabadiliko na hawaambiwi kitu watajaza wenyewe, na wakijaza huwa wanajaza kwa hofu.

Kuna mwaka mishahara ilichelewa siku sita mahali nilipokuwa. Siku ya kwanza watu kimya. Ya pili mtu akasema labda benki. Ya tatu ikawa kampuni inauzwa. Siku ya nne madereva wawili wazuri kabisa walishapeleka barua zao kwingine, na mmoja tulimpoteza kweli. Baadae ndo tukaambiwa kwamba mteja mkubwa alichelewa kulipa, basi, hela ilikuwepo inakuja. Meneja alisema alikaa kimya kwa sababu hakutaka kuwatia watu wasiwasi.

Jaribu hivi: sema unachokijua, sema usichokijua, alafu sema lini utarudi kusema tena. "Mishahara imechelewa, mteja hajalipa, sijui ni lini, kesho saa kumi jioni nitawaambia nilipofikia." Na kesho saa kumi ukasimame kweli, hata kama huna jipya, useme sina jipya. Hicho kipande cha mwisho ndo watu wanakiruka na ndo chenye nguvu. Ukitoweka siku hiyo, umerudi mwanzo.

Dalili: Shifti inayoingia haijui inayotoka imeacha nini

Mashine imezimwa hakuna anaejua kwanini, mteja amepiga simu mara tatu kila mara anaeleza upya, mgonjwa kaulizwa swali lilelile na watu wanne. Chanzo ni makabidhiano ya mlangoni, mmoja anavaa koti la mvua anawahi daladala, mwingine ndo anaingia anatafuta pa kuweka begi, "vipi huko?", "poa tu, hakuna neno". Kukabidhi kazi kukawa salamu.

Daftari moja la kaunta la kawaida, mistari minne kila shifti: kilichofanyika, kilichobaki, kilichoharibika, nani anasubiri jibu. Anaetoka anasoma kwa mdomo, anaeingia anasaini. Na wekeni dakika kumi shifti zipishane, zilipwe, maana ukitaka mtu akabidhi vizuri kwa muda wake mwenyewe utapata "poa tu" mpaka kesho.

Mtu asikwambie karatasi fupi haiwezi kubadili kitu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji mwaka 2008, ina vipengele 19 tu, ukurasa mmoja, na ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ni Ifakara hapahapa kwetu Morogoro, wengine London, Toronto, Seattle huko. Matokeo yalitoka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 mpaka 7. Na kipengele kimojawapo, kabla kisu hakijagusa mtu, ni kwamba kila aliyepo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Nilivyosoma hilo nilijiuliza mara mbili, jina linasaidia nini? Lakini fikiria, nesi mdogo akishafungua mdomo mara moja mbele ya daktari bingwa, mara ya pili kusema "dokta, hesabu ya pamba haijatimia" ni rahisi zaidi. Tukaanza kufanya hivyo asubuhi kabla ya kupakia, vibarua wapya wanataja majina. Wa kwanza walicheka. Sasa hivi hawacheki.

Dalili: Grupu la WhatsApp lina meseji mia mbili na hakuna anaejua kinachoendelea

Hili nitalipitia haraka. Oda, salamu za asubuhi, picha ya msiba, mpira, na agizo la bosi vyote viko sehemu moja, alafu tunashangaa agizo halikuonekana. Tenganisha: grupu moja la kazi tu, lingine la stori na michango. Agizo litaje jina la mtu, sio "wadau naomba mtu ashughulikie", maana "mtu" hayupo kazini kwenu. Namba, bei na anuani ziandikwe, voisi noti ya dakika nne huwezi kuitafuta tena wiki ijayo na dereva hawezi kuisikiliza barabarani. Na tiki za bluu zinakwambia meseji imefunguliwa, basi, tena wengine wamezizima.

Kitu cha kumuumiza mtu, kumkosoa au kumnyima kitu, usikipeleke kwenye grupu kabisa. Mwite pembeni.

Dalili: Mtu anaadhibiwa kwa kosa ambalo hakujua ni kosa

Kazi nyingi zinaanza kwa "njoo Jumatatu, utaelekezwa". Hakuna karatasi. Miezi sita baadae mnagombana kuhusu saa za kazi au nani anafunga stoo, na kila mmoja ana toleo lake. Kwa Tanzania hili lina sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi kwa maandishi mambo kama kazi yake ni ipi, anaanza lini, saa za kazi, mahali pa kazi na malipo. Tena sheria imeenda mbali zaidi, inasema kama mfanyakazi haelewi kilichoandikwa, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna ambayo anaielewa. Na mkifika kwenye shauri mwajiri hana hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kwahiyo mwenye duka mdogo unaesoma hapa, karatasi moja ya Kiswahili inakulinda wewe pia.

Dalili: Aliyekuwa anaongea amenyamaza

Hii ndo ninayoiogopa. Zingine zote zina kelele, hii haina. Mtu alikuwa anauliza maswali kwenye kikao, siku hizi anaangalia simu. Alikuwa anakuja kukwambia breki za gari hazijakaa vizuri, siku hizi anaendesha hivyohivyo. Wasimamizi wengi wanaiona hii kama nidhamu, kwamba ametulia.

Chanzo karibu kila mara kipo nyuma: alisema siku moja akafokewa, au alisema akapuuzwa mara tatu, au alisema alafu yeye ndo akapewa ile kazi ya ziada. Na kwetu kuna kitu kingine juu yake, tumelelewa kumuamkia mkubwa na kutomjibu, ni malezi mazuri na mimi wanangu nawalea hivyohivyo, lakini kazini inabidi mkubwa mwenyewe afungue mlango, mdogo hawezi kuusukuma kutoka nje.

Yale mabati ya Chalinze, wiki kama mbili baadae nilikuwa nimekaa na kijana mmoja wa kupakia, tunakula, nikasema tu kwamba ile hasara bado inaniuma. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kaka, mimi nilijua." Nikamuuliza ulijua nini. Akasema alipobeba lile fungu la kwanza mgongo ulimwambia ni jepesi, geji 28 anaijua anavyoielemea bega, na kwenye mazungumzo ya dereva alisikia mzigo ni wa 28. Nikamuuliza kwanini hukusema. Akasema, "Nilijua nyie wakubwa mnajua."

Nilikosa cha kumjibu. Nilikumbuka mwezi mmoja kabla alikuja kuniuliza kitu mbele ya wateja nikamwambia asubiri, kazi ya kufikiri aifanye aliyeajiriwa kufikiri. Nilisahau siku ileile. Yeye hakusahau.

Kwahiyo kama unaona ukimya kwako, usitangaze "mlango wangu uko wazi", watu wameshausikia. Rudi kwa mtu yule yule, mtajie kosa lako kwa jina, siku ile nilikujibu vibaya, samahani. Alafu weka swali ambalo linamlazimu mtu wa chini kuongea na jibu lake linasimamisha kazi kweli. Sisi tuliweka getini: kabla gari halijatoka, aliyebeba anaulizwa na sio aliyeandika, "mzigo huu una nini ambacho hakijakaa sawa?" Akisema hakuna, anataja anachokijua kuhusu mzigo, aina na urefu na idadi, anaefungua geti analinganisha na delivari noti. Miezi ya kwanza majibu yalikuwa "hakuna kaka" tu.

Mpaka Ijumaa moja, gari limeshawashwa, mteja anapiga simu kila dakika tano, yule kijana akasema mabati haya ni ya mita tatu, yule mama alikuja mwenyewe dukani na alikuwa anasema mbili na nusu. Dada wa mauzo akafungua kitabu cha oda. Mbili na nusu. Tukashusha yote, tukapakia upya, ikatuchukua dakika arobaini, mteja alituwakia kwa kuchelewa na tukamuomba radhi, na mabati yakaenda ya urefu wake.